Maneno ya Bayolojia: Kutoka Mahindi ya Kitale Hadi Damu ya Bungoma

Mimi ni mtoto wa Mombasa, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu ya ualimu nimeifanya bara. Nilisomesha bayolojia Kitale miaka sita, kisha nikateremka Bungoma. Kila nikirudi nyumbani likizo, hukosi mzazi wa mtaani kuja na mtoto wake: "Mwalimu, hebu mtazame huyu. Bayolojia imemshinda. Asema maneno ni magumu."

Mimi siamini kwamba maneno hayo ni magumu. Yamewekwa mbali tu na mtoto. Hulikariri neno kwa Kiingereza usiku wa kuamkia mtihani, huliandika sawasawa, hupata alama zake, kisha huliacha pale pale darasani. Halifiki jikoni, halifiki shambani, wala halifiki hospitali siku ambayo linahitajika kweli. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na kuna siku kunyamaza kwangu kulileta hasara. Hilo nitalieleza mbele. Kwanza tuanze na maneno yenyewe.

Seli, tishu, ogani

Bayolojia ni elimu ya viumbe hai. Kiumbe hai hula, hupumua, hukua, huzaana, hutoa taka za mwili, huhisi na husogea. Mkoko wa Tudor ni kiumbe hai sawa na kaa anayeishi chini yake. Mti nao husogea, ingawa haung'oki: majani hugeukia mwanga na mizizi huelekea penye maji.

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome la mti kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vidogo vimepangana. Akaviita kwa neno lenye maana ya chumba kidogo, na ndilo hili tunalolitumia hadi leo. Basi mwanafunzi aifikirie seli kama chumba. Utando wa seli ni bawabu wa mlangoni, huamua nini kiingie na nini kitoke. Kiini ni mahali panapowekwa maagizo ya kazi zote. Mitokondria ni meko, ambako chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Seli ya mmea ina kitu kimoja ambacho yako haina: ukuta mgumu nje ya utando. Ndiyo maana mnazi husimama wima bila ya mfupa hata mmoja.

Seli za aina moja zikifanya kazi moja pamoja huitwa tishu, kama nyama ya msuli. Tishu mbalimbali zikiungana kwa kazi moja huwa ogani, kama moyo, ini au jani. Ogani zikishirikiana huwa mfumo, kama mfumo wa chakula au wa damu. Mpangilio ni huo: seli, tishu, ogani, mfumo, kiumbe. Ukiukumbuka, nusu ya maswali ya kidato cha kwanza hayatakutisha.

Mtawanyiko na osmosisi

Maneno mawili haya huchanganywa kila mwaka. Fukiza ubani chumbani. Baada ya muda mfupi harufu inafika ukumbini. Hakuna aliyeibeba. Chembe zimetoka penye wingi zikaenda penye uchache. Huo ni mtawanyiko.

Osmosisi ni safari ya maji peke yake, tena kupitia utando. Maji hutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande wenye nyingi. Mfano hauko mbali: ng'onda. Mvuvi akimpasua papa na kumpaka chumvi, maji hutoka ndani ya seli za samaki yakafuata chumvi nje. Bakteria wanaotaka kumwozesha yule samaki nao hunyonywa maji yao, wakashindwa kuzaana. Bibi zetu walijua matokeo ya osmosisi kabla ya kitabu chochote cha shule kufika Lamu. Jina tu ndilo walilokuwa hawana.

Darasa la Kitale ni shamba la mahindi

Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya Julai huko, mtu wa Pwani huvaa kila nguo aliyonayo. Mahindi yamezunguka mji kila upande. Nilipofika, niliamua kwamba wanafunzi wangu hawatajifunza mimea kwa picha za ubaoni huku mimea yenyewe iko dirishani.

Tulianza na usanisinuru. Neno lajieleza: usanisi ni kuunda kitu kwa kuunganisha vitu, na nuru ni mwanga. Jani huchukua maji yaliyotoka mizizini na kaboni dayoksaidi iliyoko hewani, na kwa nguvu ya jua likaunda sukari. Oksijeni hubaki, ikatolewa nje. Klorofili, ile rangi ya kijani, ndiyo inayonasa mwanga. Mhindi uliopandwa kivulini hudhoofu hata ukiutilia mbolea, kwa kuwa umenyimwa nuru.

Upumuaji wa seli ni safari ya kurudi: sukari huvunjwa kwa oksijeni ili itoe nguvu. Wanafunzi wengi huandika kwamba mimea hupumua usiku tu. Si kweli. Hupumua usiku na mchana. Mchana usanisinuru huufunika upumuaji kwa sababu ni mwingi zaidi. Hata punje iliyo ndani ya gunia hupumua, kwani ni mbegu hai. Mfanyabiashara akitia mkono kwenye gunia lenye mahindi mabichi akahisi joto, hilo ni joto la punje, kuvu na wadudu wanaopumua pamoja. Ndiyo sababu mahindi hukaushwa kabla ya kuhifadhiwa. Yakiachwa na unyevu, kuvu huota, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mahindi ya bara yakifika Pwani yenye joto na unyevunyevu, elimu hii ni ya kulinda familia.

Kisha uchavushaji na utungisho. Uchavushaji ni chavua kufika kwenye sehemu ya kike ya ua. Utungisho ni mbegu ya kiume kuungana na yai. La kwanza ni kufika mlangoni, la pili ni ndoa yenyewe. Kwenye mhindi, mbelewele ya juu ndiyo ya kiume, na zile ndevu za hindi ni za kike. Kila unywele mmoja wa ndevu unakwenda kwenye punje moja. Siku nyingine ukinunua hindi la kuchoma pale Mama Ngina ukaliona lina mapengo, jua kwamba nywele za pale hazikupata chavua, au zilipata na utungisho ukashindikana.

Chotara, jeni na kromosomu

Kitale ina historia ambayo kila mwanafunzi wa Kenya angeijua. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa hapo mwaka 1956. Katika kituo cha utafiti cha mji huo huo, watafiti walichukua mahindi yaliyoboreshwa hapo hapo, yaliyoitwa Kitale Synthetic II, wakayazalisha na mahindi yaliyotoka milima ya Ekuado, Amerika Kusini, yaliyoitwa Ecuador 573. Mwaka 1964 wakatoa mbegu chotara iitwayo H611. Wazazi hawa wawili walikuwa wametengana kwa bahari na mabara, na mtoto wao akawazidi wote kwa mavuno.

Chotara ni kiumbe aliyezaliwa na wazazi wa aina mbili tofauti. Kwenye mashamba ya mbegu utawaona vibarua wakipita mistari wakiing'oa mbelewele ya mihindi ya kike, ili isijichavushe yenyewe na ipokee chavua ya aina ya pili tu. Wanafunzi wangu waliokuwa wakifanya kazi hiyo likizo hawakujua kwamba walikuwa wanatekeleza sura nzima ya kitabu cha kidato cha nne.

Jeni ni agizo moja la urithi: rangi, urefu, umbo la kitu fulani mwilini. Jeni zimepangwa kwenye nyuzi ndefu ziitwazo kromosomu, ndani ya kiini cha seli. Mhindi una kromosomu 20, binadamu ana 46. Zinakwenda jozi jozi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kwa hivyo kila agizo unalo mara mbili.

Hapa ndipo mkulima anapopata jibu lake. Mbona ukipanda tena punje za hindi chotara, msimu wa pili shamba linakuwa lisilolingana, huyu mrefu, yule mfupi, mavuno yamepungua? Kwa sababu zile jozi za jeni hutengana na kuchanganyika upya katika kizazi cha pili. Mchanganyiko uliokuwa sawa kwa kila mmea msimu wa kwanza umevunjika. Hakuna aliyeiroga ile mbegu.

Ami yangu wa Msambweni aliwahi kuniagiza mbegu ya Kitale, kwani alisikia sifa zake. Nilimletea, na haikumfaa. Mbegu ya nyanda za juu hutaka miezi sita au zaidi, na baridi. Mvua ya Pwani ilimkatikia mahindi yakiwa bado machanga. Jeni zilikuwa nzuri, mahali ndipo hapakuwa pake. Wanasayansi huita maagizo ya ndani jenotaipu, na kile kinachoonekana nje fenotaipu. Fenotaipu hutokana na jenotaipu pamoja na mazingira. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kilitoa mbegu za Pwani Hybrid kwa sababu hiyo hasa.

Kuteremka Bungoma

Bungoma iko chini kuliko Kitale, kama mita 1,400. Joto lake ni zaidi, na mbu pia. Nilikuwa nimesahau chandarua kwa miaka sita. Wiki ya pili Bungoma nikakikumbuka.

Malaria hufundisha maneno matatu kwa pamoja. Kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya mwingine. Mwenyeji ni yule anayenyonywa, yaani wewe. Kisambazaji ni yule anayekibeba kutoka kwa mtu hadi mtu, yaani mbu jike wa Anofelesi. Kimelea cha malaria huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu, na baridi hukichelewesha. Kukiwa na baridi sana, mbu hufa kabla kimelea hakijawa tayari. Ndiyo sababu nyanda za juu hazina malaria nyingi kama Bungoma au kwetu Pwani.

Wanafunzi wasichanganye kimelea hiki na bakteria au virusi. Bakteria ni seli moja isiyo na kiini kamili. Virusi si seli hata kidogo. Haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli ya mwingine. Antibiotiki huua bakteria, haziui virusi, kwa hivyo kumnunulia mtoto mwenye mafua dawa za antibiotiki dukani ni kutupa pesa, na tena huwafundisha bakteria usugu. Chanjo nayo ni kitu kingine: huuonyesha mwili sura ya adui mapema, ili utengeneze kingamwili kabla ya vita. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa majaribio nchini Kenya Septemba 2019, katika kaunti za magharibi, Bungoma ikiwamo.

Swali la mwanafunzi mmoja

Mwaka wangu wa pili Bungoma nilisomesha urithi kidato cha nne. Binti mmoja, hodari wa kukariri, alibaki darasani kipindi kilipokwisha. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni mama ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani kwetu?"

Mdogo wake alikuwa na seli mundu. Mikono ilikuwa ikimvimba, akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, akiongezwa damu kila mara. Upande wa baba ulikuwa umekata shauri kwamba mama ndiye mwenye damu mbaya. Palikuwa na maneno ya kumrudisha kwao.

Nilichukua chaki. Nikamwambia, seli nyekundu ya damu ni mviringo, laini, hupita kwenye mishipa myembamba bila shida. Ndani yake mna hemoglobini, inayobeba oksijeni. Jeni moja ikibadilika, hemoglobini hujipanga vibaya oksijeni ikipungua, na seli hujikunja kama mundu wa kukatia majani. Seli hizo hukwama mishipani, na hapo ndipo maumivu yatokapo. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mundu huishi kama siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu haimtoshi mtoto.

Nikaendelea: jeni ni mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye jeni moja ya mundu na moja ya kawaida ni mbebaji. Haugui, hana dalili, hajui. Ili mtoto augue, sharti apokee jeni ya mundu kutoka pande zote mbili. Nikachora mraba wenye vyumba vinne. Wabebaji wawili wakizaa, chumba kimoja ni cha mtoto asiye na jeni hiyo, viwili ni vya wabebaji, na kimoja ni cha mgonjwa. Yaani kila mimba ina nafasi moja katika nne, na hesabu huanza upya kila mara. Kuzaa mgonjwa mmoja hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata wamesalimika.

Binti akautazama ule mraba kitambo. Akasema, "Kwa hivyo baba pia." Nikamwambia, "Baba pia. Na wote wawili hawana kosa."

Aliunakili mraba ule kwenye daftari akaenda nao nyumbani. Sikuwepo walipozungumza. Ninachojua ni kwamba mama yake alikuja siku ya wazazi, na alikuja na mumewe.

Yetu ya nyumbani

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilimkumbuka mtoto wa halati yangu, Mombasa. Yeye pia alikuwa akivimba mikono, akilia usiku. Ilisemwa ni jini, ikasemwa ni jicho, mwisho ikasemwa ni ukoo wa mama. Alifariki kabla ya kufika umri wa kwenda shule. Wakati huo mimi nilikuwa kidato cha nne, na swali la seli mundu nililijibu vizuri kwenye mtihani. Nilikuwa na neno la Kiingereza, lakini sikuwa na neno la kumwambia halati yangu sebuleni, nikanyamaza. Yeye alibeba lawama ile miaka mingi.

Tena jambo hili ni letu sana. Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba karibu na Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika watano katika baadhi ya jamii alikuwa mbebaji, ilhali katika nyanda za juu zilizo katikati hawakufika hata asilimia moja. Akajiuliza, Pwani na Ziwa vina nini pamoja? Jibu lilikuwa malaria. Mwaka 1954 alichapisha kwamba mbebaji hupata kinga dhidi ya malaria kali. Jeni inayomuumiza mwenye mbili humlinda mwenye moja. Ndiyo maana imebaki katika damu zetu vizazi kwa vizazi. Mababu waliokuwa nayo moja waliponea malaria wakazaa. Hiyo huitwa uteuzi wa asili, na mtu wa Bungoma na mtu wa Kilifi wana kisa kimoja.

Wazazi na wachumba wa Pwani, kipimo cha hemoglobini ni cha damu kidogo tu. Kuoana binamu ni jambo la kawaida kwetu na silikatazi, lakini watu wa ukoo mmoja huenda wakawa na jeni moja iliyojificha, kwa hivyo kupima kabla ya nikaha ni busara. Na mtoto akishapatikana na seli mundu, si hukumu ya kifo. Kuna penisilini ya kumkinga utotoni, kinga ya malaria, chanjo, maji mengi, na dawa iitwayo haidroksiyurea ambayo daktari huweza kumwandikia. Muhimu ni kujua mapema.

Nanyi wanafunzi, nawaomba kitu kimoja. Kila mnapojifunza neno la bayolojia, kabla hamjalifunga kwenye daftari, mwelezeni bibi kwa Kiswahili chake mpaka aseme nimefahamu. Akiuliza swali mkashindwa kumjibu, basi neno hilo hamjalijua bado, hata kama mwalimu amewapa alama zote. Mtihani huja mara moja na kupita. Halati zetu wako sebuleni kila siku, na wanangoja mtu wa kuwaeleza.